Ndizi za Dk. Haas na mashine ya kusaga ya Mbuyuni

Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba ndizi zinawatibu watoto wenye seliaki, ugonjwa wa utumbo. Watoto waliokuwa wamekonda, matumbo yamevimba na kuhara hakukomi, walirudi kuwa na afya. Mchaga akisikia hadithi hii atasema sisi tulijua zamani. Kumbe ndizi haikutibu chochote. Haas alikuwa amewaondolea watoto wale mkate na nafaka, na nafuu ilitoka huko. Ndizi ikapewa sifa isiyo yake. Kosa hilo lilikuja kuuma baadaye, mtoto aliyehesabiwa kuwa amepona aliporudishiwa mkate. Mpaka Uholanzi ilipopata njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika, ndipo daktari Willem Dicke akawaona watoto wa seliaki aliokuwa akiwatibu wakipata nafuu, kisha wakiugua tena mkate uliporudi. Hapo ngano ikakamatwa.

Nimeanza na Haas kwa sababu kosa lake linarudiwa leo Moshi na Arusha, kwa sura mbili. Wapo wanaosema: huu ni ugonjwa wa wazungu, na hata ukiupata, kula chakula cha asili, mambo yamekwisha. Na wapo waliosoma mtandaoni wakaogopa kila kitu, hata mahindi na mchele, wakawa wanaishi kwa pakiti za bei ya watalii kutoka supamaketi za Arusha.

Wa kwanza wana hoja nzito, tusiwabeze. Gluteni, protini inayoumiza utumbo wa mwenye seliaki, iko kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Mahindi, mchele, ulezi, mtama, mhogo, ndizi na maharage hayana. Mgonjwa wa London anahangaika kutafuta mkate maalumu. Wa Kibosho, hapa Moshi, ana vyakula vya ndizi, mtori, machalari, kiburu na kitawa, nyumbani kwao, bila kumlipa mtu senti ya ziada. Hata mbege, pombe ya ndizi, inamfaa, maana kimea chake ni cha ulezi. Bia ya chupa kwa kawaida ni kimea cha shayiri, na hapo ndipo neno moja linapowaponza watu: akisikia “kimea” anadhani ni kilekile.

Lakini ulezi unaotoka shambani bila gluteni hauliwi ukiwa shambani. Unapita mashineni. Nenda soko la Mbuyuni, hapa Moshi, usimame karibu na mashine ya kusaga. Mbele yako kuna mtu na ndoo ya unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, ulezi, na ngano kilo moja “kuongeza nguvu”. Msagaji anamwaga, anagonga faneli kwa fimbo, anafunga mfuko, kisha anapokea ulezi wako. Unga uliobaki ndani ya mashine unatoka na wa kwako. Piga hesabu: kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Gramu moja ya unga wa ngano ina gluteni kama miligramu 80. Kwa hiyo ikizidi kidogo tu robo gramu, unga unaokaa kwenye ncha ya kisu, inatosha kuichafua kilo nzima. Mashine haijui asili.

Karai nalo ni hivyohivyo. Chipsi ni viazi na mafuta, hazina neno, ila mafuta yale yamekaanga sambusa na maandazi tangu asubuhi. Kitumbua ni cha mchele, lakini wapo wapishi wanaotia ngano kidogo ili kishikane. Katlesi mara nyingi ina chenga za mkate, soseji nyingi zina ngano, na soya sosi inayonyunyiziwa mishkaki mara nyingi imetengenezwa kwa ngano. Hakuna aliyekuficha kitu. Ukimuuliza mama ntilie “hii ina gluteni?” atakujibu hapana kwa moyo safi kabisa. Muulize “mchuzi umeuzidisha uzito kwa unga gani?” na jibu litabadilika.

Hata madhabahuni suala lipo, na Moshi ni mji wa makanisa. Kanisa Katoliki halikubali hostia, yaani mkate wa komunyo, isiyo na gluteni hata chembe, ila linaruhusu yenye gluteni kidogo sana, na muumini anaweza kupokea divai peke yake. Ni jambo la kuzungumza na paroko kabla ya Jumapili.

Kundi la pili nalo lina haki yake: bora kuogopa kuliko kudanganywa na tumbo lililotulia, kwa sababu utumbo unaweza kuumia bila kuuma, ukaja kuona upungufu wa damu au mifupa dhaifu. Wanaosema “kidogo hakiui” hawajafikiria hilo. Ila woga wao una hasara ninayoiona kubwa kuliko zote. Mtu anasoma usiku, asubuhi anaacha chapati, baada ya miezi mitatu anakwenda kupima. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitoa ukiwa bado unakula gluteni, na kamera inayoingizwa tumboni inatafuta utumbo ulioumia. Ukiacha mapema vyote viwili vinaweza kusema huna kitu. Sasa hujui kama una ugonjwa wa maisha au ulikuwa na amiba. Pima kwanza, acha baadaye. Na asiye na seliaki wala tatizo jingine la ngano, kuiacha chapati hakumwongezei afya. Wenye ugonjwa huu duniani ni kama mmoja kati ya mia.

Nikilazimishwa kuchagua, nitakaa na watu wa mtori, kwa sharti moja: waache kusema “asili” na waanze kusema “mashine ipi, karai lipi, unga gani”. Pakiti yenye maandishi sahihi ni nzuri kwa mwenye hela, lakini haiwezi kulisha nyumba ya watu saba mwezi mzima.

Salama zaidi ni mashine isiyosaga ngano kabisa. Mama mmoja hapa Moshi hana mashine hiyo karibu, kwa hiyo anafika alfajiri kabla ya wote na debe la mahindi. Anaomba kilo mbili za kwanza zisagwe peke yake, anazifunga kwenye mfuko mwingine, ndipo anamwaga zake. Zile mbili ni za kuku.