Pesa Zilizorudishwa Kayole

Jumapili ya Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, mtaani Kayole, Nairobi. Kabla ya kuondoka alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na kikundi kingine cha parokia, akatoa milioni 2 za kujengea nyumba ya mapadre, kisha akaahidi milioni 3 zaidi na basi la parokia. Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, naye aliipa kwaya shilingi 200,000. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitoa taarifa fupi: pesa zilizotolewa zirudishwe, na zilizoahidiwa zisipokelewe. Kanisa, alisema, lisigeuzwe jukwaa la kujitafutia umaarufu wa kisiasa.

Siku chache kabla ya hapo, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walikuwa wameisuta serikali hadharani kwa ahadi zisizotimizwa na kwa kile walichokiita utamaduni wa uongo. Nchi ilikuwa bado inauguza vidonda vya Juni, vijana walipouawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kama zile pesa zingepokelewa na kupigiwa makofi, taarifa ya maaskofu isingefika Jumapili ya pili.

Walioshangilia uamuzi ule walikuwa wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini hoja za waliounung'unikia zinastahili kusikilizwa, kwa sababu wengi wao hawakuwa wapambe wa serikali. Walikuwa waumini wa kawaida wa mitaa kama Kayole.

Katika mitaa ya Eastlands kama Kayole, ofisi ya paroko ndiyo kimbilio la mwisho. Anayebisha hodi asubuhi ni mama ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa karo. Baada yake anaingia kijana ambaye maiti ya baba yake imezuiliwa mochari hadi bili ilipwe, halafu familia ambayo landilodi amewapigia kufuli mlangoni. Paroko hana bajeti ya mambo hayo. Ana sadaka ya Jumapili, na sadaka ya mtaa wa vibarua haiwezi kulinganishwa na ya Karen au Lavington. Mtu wa Kayole akiuliza kwa nini milioni 2 zirudishwe Ikulu ilhali huku kuna shida, anauliza jambo la haki. Anaweza hata kuongeza kwamba pesa hizo huenda ni kodi yake mwenyewe, na hapa angalau zingemrudia.

Kuna swali lingine linalouma zaidi. Kanisa halimhoji mfanyabiashara anayeleta zaka kama analipa ushuru, wala halimwulizi mwajiri anayefadhili ukuta wa kanisa anawalipa vibarua wake shilingi ngapi. Kwa nini basi mwanasiasa peke yake ndiye apekuliwe? Wanaotetea michango ya viongozi husema kutoa ni ibada, na kwamba tangu mwaka 1963 nchi hii imejengwa kwa harambee: madarasa, zahanati, makanisa yenyewe. Hilo ni kweli. Parokia nyingi za Kenya zina jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa fulani.

Hata hivyo, tukitaka kujua wanaomlisha maskini wa parokia kila wiki ni akina nani, tusitazame jukwaa la harambee. Tutazame jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya kipaumbele katika mikutano yao ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976, na leo ndizo mkono halisi wa huruma wa kanisa. Familia kadhaa za jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, kwenye chumba ambacho kitanda kimesukumwa ukutani na stuli zimeazimwa kwa jirani. Injili inasomwa, watu wanashirikishana. Kisha mweka hazina anafungua kitabu cha mistari, na majina yanasomwa: huyu hamsini, huyu mia, yule ameleta pakiti mbili za unga. Mama mmoja anasema mume wa fulani hajatoka kitandani tangu juzi, na papo hapo wanapangana nani aende lini na abebe nini. Hakuna kamera. Anayetoa hamsini leo anajua mwezi ujao huenda akawa yeye wa kutembelewa, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake shukrani.

Jumuiya hizohizo, kila Kwaresima, hupokea kijitabu cha Tume ya Haki na Amani kinachojadili ufisadi, ardhi, ajira za vijana na uchaguzi. Watu walewale waliochangia unga wiki iliyopita wanaulizana kwa nini jirani yao amekosa unga. Kwangu mimi hapo ndipo huruma na haki zinapokutana, na ndiyo sababu pesa za jukwaani zinanitia wasiwasi. Mheshimiwa akilipa bili ya mgonjwa mbele ya umati, swali la kwa nini hospitali ya umma haina dawa linakuwa utovu wa adabu. Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono uliojaa nao ni vigumu kuukosoa.

Chukua mfano wa hospitali za misheni. Kwa miaka mingi makanisa ya Kenya yamekuwa yakiwatibu watu mahali ambapo serikali haijafika, na mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti waliungana kuanzisha MEDS, shirika la kuzinunulia hospitali zao dawa. Hospitali hizo zimekuwa zikilia kwamba bima ya taifa, kwanza NHIF na sasa SHA, inachelewesha malipo ya wagonjwa ambao tayari wametibiwa. Hayo ni madeni. Serikali inayodaiwa na hospitali za kanisa, halafu kiongozi wake akaja kanisani na milioni 2 za zawadi, inataka ipigiwe makofi kabla haijalipa deni. Mtu wa Kayole angefaidika zaidi kama deni lingelipwa kimyakimya.

Historia nayo inatuonyesha gharama ya kanisa kupoteza sauti yake ya kukosoa. Katika miaka ya chama kimoja, sauti zilizothubutu zilitoka madhabahuni: Henry Okullu, David Gitari, Timothy Njoya, Ndingi Mwana a'Nzeki. Alexander Muge, askofu wa Kianglikana wa Eldoret, alikufa katika ajali ya barabarani Agosti 14, 1990, siku chache baada ya waziri Peter Okondo kumtisha kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Saba Saba ya mwaka 1997, yaani Julai 7, siku ya maandamano ya kudai mageuzi, polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints na kuwapiga watu, Njoya akiwa miongoni mwao. Ilipofika uchaguzi wa 2007 viongozi wengi wa dini walikuwa wameegemea upande wa jamii zao, na damu ilipomwagika hawakuwa na sauti ya kuwakemea wauaji. Mapema mwaka 2008 Baraza la Makanisa, NCCK, liliomba radhi kwa hilo. Ninaamini Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikuwa na somo hilo akilini Septemba 2021, alipokataza wanasiasa kuhutubia waumini katika makanisa ya Kianglikana.

Si makanisa yote yaliyofuata njia hiyo. Machi 2025 Rais alitoa milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner, Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana walikuwa barabarani kupinga, polisi wakiwarushia vitoa machozi.

Kwa hiyo naunga mkono uamuzi wa Anyolo, ila kwa sharti. Jimbo likiirudisha milioni 2 ya Kayole, mzigo wa Kayole uwe wa jimbo zima. Haiwezekani parokia zenye maegesho yaliyojaa magari zipongezwe kwa msimamo ambao gharama yake inabebwa na parokia isiyo na nyumba ya mapadre. Uwepo mfuko wa jimbo ambao parokia tajiri zinauchangia kwa kiwango kilichowekwa, na ambao paroko wa Eastlands anaweza kuuendea akiwa na bili ya mochari mkononi.

La pili ni vitabu vya hesabu. Maaskofu wanaidai serikali ieleze kila shilingi inakokwenda, na wana haki. Lakini ni parokia ngapi ambazo muumini anaweza kusoma ubaoni mwezi huu zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, na ngapi zimewafikia wagonjwa, wajane na wanafunzi? Mweka hazina wa jumuiya anasoma yake kwa sauti kila wiki, mbele ya majirani wanaomjua kwa jina. Parokia na jimbo waanze kusoma zao pia, kwenye matangazo ya Jumapili, pamoja na majina ya watoaji wakubwa na walichotoa.