Fundi Nimelipa Mimi, Kazi Nimefanya Mimi

Jamani, mimi gari nilinunua nikae. Jumamosi hii ndiyo nimejua nilinunua nikanyage.

Chanzo ni mlima Kitonga. Natoka Iringa na shemeji na magunia mawili ya viazi, nateremka mguu uko kwenye breki tangu juu. Kufika kwenye kona, pedeli ikalainika kama uji wa mgonjwa. Shemeji akaanza kusali kwa sauti, na huyu ndiye anayejifanyaga hana dini. Gia namba moja, breki ya mkono, Mungu, tukafika chini.

Kurudi Dar, fundi akachungulia kikopo cha breki: "Bosi, hii oili au kahawa?" Mpya huwa ya njano, unaona mpaka chini. Yangu ungeipeleka kijiweni wazee wangeomba na kashata.

Nikajitetea, mbona kikopo hakijawahi kupungua? Akacheka. Kumbe oili ya breki inakunywa maji! Imo ndani, imefungwa, lakini inavuta unyevu wa hewani taratibu, mpaka kupitia mipira. Tena kwa hewa yetu ya Dar ilivyo na unyevu, chumvi yenyewe inatokwa jasho kwenye kopo. Oili ya aina yangu, DOT 3, ikiwa mpya haichemki mpaka nyuzi 205. Ikishalewa maji, 140 tu inatokota. Inatoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea, breki haina habari. Ndiyo maana wengi wanasema badilisha kila miaka miwili. Mimi gari ninalo mwaka wa saba. Pazia za sebuleni zimebadilishwa mara tatu, lakini hizo zina msemaji.

Basi, kutoa ile oili ya zamani na kuingiza mpya, tukaanza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali na pampu. Fundi chini na spana na mpira wa dripu ndani ya chupa ya maji. Mimi juu.

"Kanyaga! Kanyaga! Kanyaga! Shika!"

Nimeshika. Analegeza nati, oili inatoka, pedeli inazama, anakaza. "Achia!" Tunarudia. Yule kijana wake, kazi yake moja tu, kuongeza oili kikopo kisikauke. Moja! Akapata simu ya mtu anayemwita "mamii". Kikopo kikakauka, upepo ukaingia, tukaanza upya. Alipokurupuka kumimina, tone likadondokea kwenye bodi karibu na taa, na ile kitu inakula rangi kuliko kutu. Nikamwagia maji mbio na ndala moja mguuni.

Saa mbili na nusu baadaye pedeli imekuwa ngumu kama jiwe, na goti langu limekuwa kama pedeli ya mwanzo.

Fundi akataja hela ya ufundi. Nikamwambia, kaka, toa basi ya mguu wangu.

"Mguu wako mara mbili uliachia kabla sijakaza, upepo ukaingia, bosi. Huo ndio umetuchelewesha. Nilitaka niongeze, nikaona aibu."