Kazi ya nusu siku karibu na nyumbani: hesabu yake inamfaa nani?

Dar es Salaam haiishi habari za mfanyakazi aliyeacha ajira ya mjini akachukua kazi ya nusu siku mtaani kwake: mhasibu aliyekuwa na ofisi Posta, katikati ya jiji, sasa anatunza vitabu vya hesabu vya shule binafsi huko Chanika, pembezoni, na muuguzi aliyekuwa akivuka jiji zima sasa ana zamu ya asubuhi katika zahanati ya jirani. Wanaomsifu husema amepumua, watoto wanamwona, na hela iliyokuwa ikiishia kwenye daladala sasa inabaki nyumbani. Wanaomlaumu husema ameikimbia ajira ya uhakika, na kwamba haitapita miezi mingi kabla hajaanza kukopa unga dukani. Kila upande una ukweli wake, lakini kwa kawaida ubishi huu hufanyika bila kalamu wala karatasi. Hesabu ikifanywa, jibu hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa sababu ambayo si wengi huitaja: nauli haiangalii mshahara wa abiria.

Chanika iko kilomita zipatazo 30 kutoka Posta. Anayetakiwa kuwa ofisini saa mbili asubuhi huwa kituoni saa kumi na moja alfajiri, na akiona magari yanapita yamejaa hulazimika kugeuza na gari: hulipanda likiwa bado linaelekea mwisho wa njia, akalipia safari ya kule asikokwenda, ili litakapogeuka awe tayari ameketi. Jioni mambo ni yale yale, isipokuwa kiti hupatikana kwa kugombea mlango, na kwa vijana, kwa kupitia dirishani. Bei iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kuanza kutumika Desemba 2023, iliweka nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kuwa shilingi 600, lakini anayeishi pembezoni mwa jiji, anayeunganisha magari mawili na kumalizia kwa bodaboda kwa kuwa kumeshaingia giza, hulipa mara kadhaa ya kiasi hicho kila siku.

Tuchukue mfano wa mhasibu mwenye mshahara ghafi wa shilingi 900,000. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unakatwa asilimia 10, yaani 90,000. Kinachobaki kinatozwa kodi ya ajira, ile PAYE, kwa viwango vinavyoacha shilingi 270,000 za mwanzo bila kodi na kupanda kutoka asilimia 8 hadi 30, na kodi hiyo inakuwa 80,500. Mkononi anapokea 729,500. Akipata kazi ya nusu siku kwa nusu kamili ya mshahara, yaani 450,000, NSSF inakuwa 45,000 na kodi inashuka hadi 10,800 tu, hivyo anapokea 394,200. Mshahara ghafi umepungua kwa nusu, lakini fedha ya mkononi imepungua kwa pungufu ya nusu, kwa sababu kodi imepungua kwa kasi kuliko mshahara. Hasara yake halisi kwa mwezi ni 335,300.

Sasa tuangalie alichoacha kutumia. Tuseme nauli ni 4,000 kwa siku kwenda na kurudi, bodaboda ya jioni 1,000, na chai pamoja na chakula cha mchana kwa mama lishe 3,500. Kwa siku 22 za kazi jumla ni 187,000, na wanaofanya kazi Jumamosi hutumia zaidi. Akiwa na dada wa kazi ambaye mshahara na mahitaji yake madogo vinafika 100,000, na ikiwa nusu siku nyumbani inamwezesha kuishi bila dada huyo, matumizi yaliyoondoka yanafika 287,000. Tupunguze 22,000 za kile atakachokula nyumbani, kwa maana tumbo halikubaki ofisini, zinabaki 265,000. Pengo ni 70,300 kwa mwezi. Si fedha ndogo, lakini kwa kaya yenye mapato mawili linazibika. (Na tusisahau kwamba 100,000 alizookoa mhasibu huyu ni ajira ya binti mwingine, mara nyingi aliyetoka Iringa au Singida, ambaye hakuulizwa maoni yake.)

Hapo ndipo wanaosifia huishia, na ndipo wanaponiacha nyuma. Mfano huu umedhani kwamba mwajiri wa mtaani atalipa kwa kiwango cha mjini, jambo ambalo ni nadra. Shule ndogo, duka la dawa, zahanati na SACCOS ya mtaa hazina kipato cha ofisi ya Posta, na wenye nazo wanajua fika kwamba mwombaji anathamini ukaribu, kwa hiyo ukaribu wenyewe huingizwa katika bei. Akipewa 300,000 badala ya 450,000, NSSF itachukua 30,000, kodi itakuwa sifuri, na mkononi zitabaki 270,000. Pengo, hata baada ya kuhesabu nauli, chakula na dada wa kazi, sasa ni 194,500 kila mwezi. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili Chanika inaweza kulipwa kwa fedha hiyo.

Kwa mwenye kipato cha chini hesabu inageuka kabisa. Karani wa duka la Kariakoo anayepata 400,000 kwa mwezi hupokea 352,800 baada ya NSSF na kodi. Akipata nusu siku karibu na nyumbani kwa 200,000, hakatwi kodi yoyote, anapokea 180,000, na hasara yake ni 172,800. Huyu hana dada wa kazi. Mtoto huachwa kwa bibi. Lakini gharama za safari na chakula ni zile zile 187,000, maana kondakta hamtozi karani nusu nauli kwa kuwa analipwa chini ya nusu ya mhasibu. Ukiondoa 22,000 za chakula cha nyumbani, ameokoa 165,000. Tofauti ni 7,800 kwa mwezi, karibu sawa na bure. Kwa maneno mengine, karani huyu amekuwa akifanya kazi nusu ya siku ili kuilipia safari ya kwenda kufanya kazi nusu nyingine. Kwa mtu wa namna hii nashindwa kuona hoja ya kumlaumu, ilimradi kazi ya mtaani iwe ya kweli, yenye mkataba.

Mkataba ndio penye mgogoro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inaeleza namna ya kugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa, hivyo hakuna kisingizio kwamba malipo ya nusu siku hayawezi kukokotolewa. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Lakini waajiri wengi wadogo huichukulia nusu siku kama kibarua cha hisani: hakuna karatasi, hakuna NSSF, na saa saba mchana ikifika kunakuwa na mteja wa mwisho, kisha mwingine wa mwisho, mpaka saa kumi. Aliyekubali nusu ya mshahara akaishia kutoa robo tatu ya siku amepunjwa, na kwa kuwa mwajiri ni jirani anayesali naye msikiti mmoja au jumuiya moja, kumdai ni kuleta uhasama mtaani. Mjini mtu angekwenda kwenye chama cha wafanyakazi.

Upande wa NSSF unastahili subira zaidi kuliko unavyopewa. Kwa mshahara wa 900,000, mfanyakazi na mwajiri kwa pamoja huweka 180,000 kila mwezi. Kwa 450,000 huweka 90,000. Wengi husema amepoteza nusu ya uzee wake. Si hivyo hasa. Pensheni ya uzee inahitaji michango isiyopungua miezi 180, na hukokotolewa kwa kuangalia idadi ya miezi pamoja na wastani wa mishahara bora ya miaka ya mwishoni. Kwa mama wa miaka 31 anayepunguza saa hadi watoto waanze shule, kinachomdhuru zaidi ni miezi isiyochangiwa kabisa kuliko mchango kuwa mdogo, kwa sababu mshahara ukirudi juu baadaye, wastani nao utarudi. Kwa mwenye miaka 52 ni kinyume: miaka anayoishusha ndiyo itakayotazamwa. Kwa hiyo ushauri ule ule, wa kupunguza kazi na kukaa karibu na nyumbani, unaweza kuwa na busara kwa binti na ukawa wa hatari kwa mama yake. Na ambaye mwajiri wake mpya hamchangii kabisa anaweza kujichangia mwenyewe, kwa kuwa NSSF hupokea pia michango ya waliojiajiri, ila atabeba mzigo wote peke yake.

Kuna pia kinachopotea siku ile ile barua ya kuacha kazi inapoandikwa. Anayeacha kazi kwa hiari hapati malipo ya kuachishwa ambayo sheria inamtengea anayeondolewa na mwajiri, yaani mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa kazi hadi miaka kumi, wala hastahili fao la upotevu wa ajira la NSSF. Bima ya afya ya kampuni nayo hukoma, na mtoto mmoja akilazwa, pengo lote la hesabu za hapo juu linaonekana dogo.

Lakini yote haya hayamzuii mtu kama linavyomzuia deni. Mwenye mkopo wa mshahara unaokatwa 250,000 kwa mwezi anaweza kuumudu akipokea 729,500. Akishuka hadi 394,200 anabakiwa na 144,200, chini hata ya theluthi moja ya mshahara wake mpya ghafi, ile theluthi ambayo kila mtumishi anaijua kwa kuwa ndiyo hukumbushwa anapoomba mkopo. Na benki iliyokopesha kwa dhamana ya mshahara uliopita haitapunguza rejesho kwa sababu mkopaji anataka kuwa karibu na watoto. Kwa maoni yangu, anayefikiria mabadiliko haya huku mkopo ukiwa katikati anapaswa kusubiri umalizike, hata kama kusubiri huko kunamaanisha mwaka mwingine wa kugeuza na gari.

Kwa upande wa wanaotetea, ipo faida moja ambayo haiingii kwenye shilingi na ambayo naiona nzito kuliko zote. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Kwa anayefanya kazi Posta na mtoto akiwa Chanika, haki hiyo ipo kwenye karatasi tu, kwa sababu saa mbili hazitoshi hata kufika. Likizo ya uzazi ya siku 84 ikiisha, hubaki kukamua maziwa chooni au kumwachisha mtoto mapema. Anayefanya kazi karibu na nyumbani huitumia haki ile ile bila kumwomba mtu. Wakosoaji wanaozungumzia uzembe na kukosa malengo wangefaa kuanzia hapa.

Hoja kwamba saa zilizookolewa zitazaa mradi, iwe kuku wa nyama, genge au masomo ya ziada kwa watoto wa jirani, naipokea kwa tahadhari. Mradi unahitaji mtaji, na nyumba inayomwona mtu saa nane mchana humgawia kazi kabla hajajipangia mwenyewe: ndugu atamtuma, mgonjwa ataletwa, kwa kuwa “yuko nyumbani tu”.

Ipo njia ya tatu ambayo huzungumzwa kidogo, nayo ni kumwomba mwajiri wa sasa apunguze siku badala ya saa. Nusu siku Posta haiokoi nauli hata shilingi moja, lakini siku tatu kamili kwa wiki zinaokoa safari mbili. Kwa asilimia 60 ya 900,000, mhasibu wetu angepata 540,000 ghafi na 468,720 mkononi. Angeokoa nauli na chakula cha siku tisa kwa mwezi, yaani 67,500 baada ya kuondoa mlo wa nyumbani, na dada wa kazi angebaki. Pengo lake lingekuwa 193,280, karibu sawa kabisa na la yule aliyekubali 300,000 mtaani, ila huyu angeendelea kuchangiwa 108,000 NSSF badala ya 60,000, angehesabiwa miaka yake ya utumishi, na kama kampuni inakubali, angebaki na bima. Ni suala la makubaliano kati yake na mwajiri, na wengi hawaliulizi kwa kuwa wanadhani jibu ni hapana. Kwa mwenye kipato kama chake, ningeanzia kwenye ombi hilo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Karani wa Kariakoo hana sababu ya kusubiri hivyo, mradi mwajiri wake wa mtaani akubali kuandika saa za kazi na mchango wa NSSF kwenye mkataba.