Huku Marekani orodha ya vyuo inaanzia mfukoni, sio kwenye pointi

Niseme mapema ili wa kukasirika wakasirike mapema: sisi wazazi wa Kitanzania huku Minnesota wengi tunawachagulia watoto vyuo kwa akili ya TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu ya nyumbani, na akili ya TCU huku haina kazi.

Nyumbani unajua ilivyo. Unafungua kile kitabu cha TCU, unaangalia kozi na vigezo vyake, prinsipo mbili, pointi nne kwenda juu, mtoto ana DDE yake mnajua kabisa udaktari hapa sio pake, tutafute kozi nyingine. Mnalipia elfu kumi kumi za maombi vyuo viwili vitatu mnasubiri. Ada hata hamuijadili sana kwa sababu ada ya chuo cha serikali imeandikwa pale, ni ileile kwa mtoto wa waziri na kwa mtoto wa mama ntilie, na msipokuwa nayo mnategemea bodi ya mikopo. Yaani swali la kwanza ni atachaguliwa au hatachaguliwa, swali la hela linakuja baadaye kabisa, huko Oktoba, bechi ya kwanza imetoka jina halipo, ya pili halipo, na mtoto ameshafika chuoni na begi lake anakula kwa marafiki.

Huku kuchaguliwa sio tatizo kubwa kihivyo. Vyuo ni vingi, na mtoto mwenye maksi za kawaida tu anapata. Hapa Minnesota siku hizi kuna huo mpango wa Direct Admissions, mtoto yuko darasa la kumi na mbili anapewa barua kwamba kutokana na GPA yako vyuo hivi na hivi vimeshakukubali, hujaomba bado. Ukiiona hiyo barua unarukaruka jikoni, unapiga picha unatuma kwenye grupu la ukoo, shangazi anapiga vigelegele kwenye voisi. Lakini kwenye barua hiyo hakuna mahali palipoandikwa mtalipa shilingi ngapi, na hapo ndipo mchezo wenyewe ulipo.

Bei iliyo kwenye tovuti ya chuo sio bei yako. Chukua vyuo binafsi vya hapa Minnesota, Carleton au Macalester, ada na kula na kulala, kwa mwaka inazidi dola 80,000, ukiiona unafunga kompyuta unaenda kulala. Ila vyuo hivyo viwili vimetangaza vinajazia pengo lote kati ya gharama na kile ambacho familia imepimwa kwamba inaweza kulipa, kwa hiyo familia ya kipato kidogo inaweza ikajikuta inalipa pale pungufu kuliko chuo cha jirani kisicho na jina chenye bei ya 50,000. Ni kama tiketi ya kwenda Dar mwezi wa kumi na mbili, mmekaa siti zimegusana mwenzio kalipa 1,400 wewe 2,300 na chakula ni kilekile. Tofauti ni kwamba huku unaweza kuijua bei yako kabla hujaomba. Tangu mwaka 2011 sheria inavilazimisha vyuo vinavyopokea hela za msaada za serikali kuu kuweka kikokotoo kwenye tovuti (wastaafu msishtuke, hiki hakigusi mafao ya mtu). Unaingiza kipato, idadi ya watu nyumbani, akiba, kinakupa makadirio ya utakachotakiwa kulipa mwenyewe baada ya msaada. Dakika kumi na tano kwa chuo. Mimi msimamo wangu ni kwamba chuo ambacho hamjakikokotoa hakiingii kwenye orodha, hata kiwe na jina la kutikisa ukumbi wa harusi.

Sasa kuna vitu ambavyo kaunsela wa shule hawezi kukwambia, kwa sababu yeye hana mama yake Singida.

Cha kwanza, hela tunazotuma nyumbani hazihesabiki. Fomu ya FAFSA, ile ya serikali kuu ya kuomba msaada wa ada, inaangalia kipato chako, haiulizi kwamba kila mwezi unatuma dola 300 za dawa za presha za bibi na ada ya mtoto wa marehemu kaka. Kwao wale sio watu wa nyumba yako maana hamuishi pamoja. Kwa hiyo kompyuta inakuona una hela ambayo wewe mwenyewe hujawahi kuiona ikikaa akauntini wiki nzima. Ila ofisi ya msaada wa fedha ya chuo ina mamlaka ya kuangalia hali ya pekee ya familia, unaweza kuwaandikia barua, ukaambatanisha risiti zote za kutuma hela, ukawaeleza kwa heshima. Wengine watakataa, wengine wataongeza kidogo. Wazazi wetu wengi wanaona aibu kuandika barua hiyo, wanasema tutaonekana ombaomba, wakati Mmarekani mwenye nyumba ya ghorofa kando ya ziwa anaiandika bila kupepesa macho.

Cha pili ni lile pagala lako la Bunju. Nyumba unayoishi huku haihesabiwi kwenye FAFSA, lakini kiwanja na nyumba nyingine ni mali, hata kama iko Tanzania, hata kama haijaezekwa na mlinzi anafuga kuku sebuleni. Wenye kipato kidogo wengi hawafikishwi kwenye maswali ya mali, ila ukiulizwa unajibu ukweli. Nimesikia watu wanashauriana kwenye sherehe eti watajuaje. Usimwanzishie mtoto chuo kwa kusaini uongo kwenye fomu ya serikali ya watu, tena wengine bado tunasubiri uraia.

Cha tatu ndicho kinachoniuma zaidi, hizi dabo shifti. Toka mwaka 2024 jimbo la Minnesota lina mpango wa North Star Promise, familia yenye kipato cha kodi chini ya dola 80,000 mtoto akisoma chuo cha umma cha hapa jimboni, jimbo linamalizia ada iliyobaki baada ya misaada mingine. Ada bure jamani, pamoja na University of Minnesota yenyewe ambayo ada yake kwa mwaka inazidi 17,000. Lakini mstari ni mstari, ukifika 80,000 umetoka. Na kipato wanachoangalia sio cha mwaka huu, ni cha nyuma, anayeanza chuo vuli ya 2026 wanaangalia kodi ya mwaka 2024, yaani mtoto alikuwa bado yuko darasa la kumi na la kumi na moja. Sasa fikiria mama anafanya kazi nasingi homu, baba anaendesha gari, mwaka ule mama kachukua shifti zote za sikukuu ili amalizie kupaua Bunju, wakafika 81,000. Hizo dola elfu moja na ushee zimewagharimu ada ya mwaka mzima. Simwambii mtu aache kazi, ila mwenye mtoto wa darasa la kumi akae na karatasi zake za kodi kabla mwaka haujaisha, na kama kazini kuna mpango wa kuweka hela ya kustaafu kabla ya kodi, aulize, maana hiyo inashusha kile kipato kinachoangaliwa.

Na mpango huo hauhusu kula na kulala. Hapa ndipo tunagombana na watoto. Nyumbani kwenda chuo mbali ni heshima, mtoto wa Mbeya akipata Mlimani ukoo mzima unamsindikiza stendi. Huku kula na kulala chuoni ni zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka na basi linapita mtaani kwetu hapa Brooklyn Park. Binti yangu mimi hajafurahi, anasema wenzake wote wanakaa hosteli, nimemwambia wenzake wote wazazi wao hawapaui Bunju.

Halafu barua za msaada zenyewe zikija, machi huko na aprili, zisome kama mkataba wa kiwanja. Rafiki yangu kaniletea moja ya chuo fulani binafsi, sikitaji. Gharama 58,400. Chini yake imeandikwa kwa fahari kubwa "msaada wako" halafu skolashipu ya chuo 26,000, Pell (ruzuku ya serikali kuu) na ruzuku ya jimbo 6,000, mkopo wa mwanafunzi 5,500, kazi ya chuoni 2,500, mkopo wa mzazi 18,400, mwisho kabisa "unachodaiwa: 0". Mwenzangu anacheka anasema Mungu mkubwa, bure kabisa. Nikachukua kalamu. Hela ya bure pale ni 32,000 tu. Kazi ya chuoni ni hela ambayo mtoto ataipata akishaifanyia kazi kwa saa, haipo leo. Mikopo yote miwili ni deni, na ule wa 18,400 uko kwa jina lake yeye baba, kwa mwaka mmoja, zidisha mara nne. Kuanzia Julai 2026 serikali imeweka kikomo kwenye huo mkopo wa wazazi, dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 jumla kwa kila mtoto, kwa hiyo huo mpango wake mwaka wa nne usingefika hata angetaka.

Mkopo wa mwanafunzi mwenyewe mimi siuogopi. Ni 5,500 mwaka wa kwanza, miaka minne jumla 27,000, mtu akipata kazi analipa. Sisi tuliosoma kwa bumu tunakatwa asilimia 15 ya mshahara na hatukufa.

Kwa hiyo orodha ya nyumbani kwetu iko hivi, kila mtu apime kwake. Vyuo vya umma vya hapa jimboni vitatu, ambavyo ana uhakika wa kuingia na hela yake tunaijua. Macalester na St. Olaf kwa sababu vinajazia pengo, anaweza akakosa, akipata vizuri. Kimoja Wisconsin, kwa sababu sisi wa Minnesota tukijaza ile fomu ya makubaliano ya majimbo hatulipi ada ya mgeni. Na North Hennepin, komyuniti koleji ya hapahapa mtaani, asome miwili ahamie chuo kikubwa. Hiyo ya mwisho ndugu zangu Dar wananicheka, umeenda Marekani mtoto anasoma koleji ya kata? Wacheke tu. Mwaka jana tayari alichukua masomo ya chuo akiwa sekondari kwa PSEO, jimbo linalipa na vitabu juu, mpango uko toka 1985 na bado kuna wazazi wetu hawajausikia.

Maombi aliyatuma Oktoba karibu yote, mwezi ambao vyuo vingi vya Minnesota havitozi ada ya maombi. Yaliyobaki kaunsela alimjazia msamaha wa ada.

Kuna jambo moja nyumbani wanatushinda na nalisema bila haya. Ada moja kwa wote, imeandikwa, hata mzee asiyejua kompyuta anaielewa. Huku mwenye mzazi aliyesoma anajua kukokotoa, kuandika barua, kuomba tena, na mwenye mzazi anayefanya kazi usiku anasaini asichokisoma. Ila hela ya huku unaijua aprili na mnaamua mpaka mei mosi, hamuendi chuoni na kusubiri bechi.

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, naye ananitumia voisi anataka kuja. Nimemwambia ukweli, kwake FAFSA haipo, North Star haipo, orodha yake ni nyingine kabisa na ni fupi sana: vile vichache vinavyojazia pengo hata kwa mgeni bila kuangalia uwezo wake wakati wa kumchagua, kama Amherst, Bowdoin, Dartmouth, na Harvard, ambako wanaokosa ni wengi mno kuliko wanaopata. Achilia mbali viza, hiyo habari nyingine. Chuo kikimpa nusu ya gharama maana yake kimemkataa kistaarabu, kwa sababu nusu nyingine hatuna, mimi wala baba yake. Aombe hivyo vichache, na dirisha la Mlimani na la bodi likifunguliwa aombe siku ya kwanza, na cheti cha kuzaliwa akahakiki RITA sasa hivi, asisubiri foleni.