Uhuru nusu wa phiKZ

Virusi vingi vinavyoshambulia bakteria huingia mikono mitupu. Huingiza DNA yao, kisha huitumia polimerasi ya mwenyeji, kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA. T4, kirusi maarufu cha Escherichia coli, huishi kwa kuazima hivyo tangu mwanzo hadi mwisho.

phiKZ, kirusi chenye DNA ya jozi za besi (herufi za DNA) 280,000 hivi, hakiazimi. Kikivamia Pseudomonas aeruginosa, huingia na polimerasi iliyofungwa ndani ya kichwa chake, nayo hunakili jeni za mwanzo. Ya pili huundwa humo humo ndani ya bakteria na kushika jeni za baadaye. Kipimo cha uhuru huu ni rifampisini, dawa ile ile inayougeuza mkojo wa wagonjwa wa kifua kikuu kuwa rangi ya chungwa. Dawa hii huizima polimerasi ya bakteria. PhiKZ huendelea kunakili kana kwamba hakuna kitu.

Kwa nini phiKZ hakiazimi? Jibu la haraka ni kwamba kirusi kikubwa kina nafasi ya kubebea zana zake. Sikubaliani nalo. Kirusi T7 kina jozi 40,000 tu na kina polimerasi yake, ingawa huanza kwa kuazima. KVP40, ndugu wa T4 mwenye jozi zipatazo 245,000, bado huazima.

Mimi naona sababu ni chumba. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba 201phi2-1, jamaa ya phiKZ, huizungushia DNA yake ukuta wa protini, mithili ya kiini cha seli. phiKZ nacho hujenga ukuta kama huo, na vimeng'enya vya kukata DNA ambavyo bakteria hujilinda navyo, Cas9 ikiwemo, hubaki nje. Anayejifungia ndani hana budi awe na vyombo vyake humo.

Lakini tusikivike taji mapema. Ribosomu, zinazoisoma RNA na kutengeneza protini, ni za bakteria na ziko nje ya ukuta. Kila nakala iliyoandikwa chumbani lazima itoke mlangoni, na huko nje haina mlinzi. Mwaka 2020 majaribio yalionyesha hivyo hasa: Cas9 ilishindwa na phiKZ, ilhali Cas13a, inayolenga RNA badala ya DNA, ilikizuia kuzaliana.