Mdudu hawakumuonyesha, masikio ndo yakakesha

Juzi mvua imeshuka Mtwara kuanzia alasiri mpaka usiku wa manane, saa mbili umeme ukaondoka zake (gesi inachimbwa hapo Msimbati tu, ila hayo tuyaache), na mimi nikabaki na laptop yenye chaji, mjomba wangu aliyekuja kutoka shamba akakwamishwa na mvua, na faili moja la zamani ambalo nimelibeba toka kwenye flash hadi flash miaka mingi. Nikasema ngoja leo niirudie Night Gallery.

Najua wengi hamuijui. Ni sirizi ya kutisha ya Kimarekani, kila kisa kinajitegemea, hakuna kusubiri wiki ijayo. Jamaa wake ni Rod Serling, yuleyule wa The Twilight Zone, sirizi yake ya mwanzo iliyovuma sana, na nadhani hapo ndo mkosi ulipoanzia maana mdogo mtu hakutoka kwenye kivuli cha kaka. Ilianza na filamu ya majaribio mwaka 1969, kisa kimoja humo kaongoza Steven Spielberg akiwa bado kijana mbichi wa miaka 22, halafu kituo cha NBC kikairusha kuanzia 1970 mpaka 1973. Serling anatokea amesimama gizani katikati ya michoro, anakuonyesha mmoja, na mchoro ndo mlango wa kisa. Uzuri mtupu. Ila katikati ya visa wakawa wanachomeka vichekesho vifupi vya kipuuzi ambavyo Serling mwenyewe alikuwa havipendi, na baadaye wakati wa kuuzia vituo vidogo vidogo wakaikatakata hadi visa vingine vikawa havieleweki. Ukiiona ikiwa imekatwa vile utajiuliza watu walisifia nini.

Kisa chenyewe ni The Caterpillar, kilirushwa Machi 1972. Nasimulia mpaka mwisho, miaka hamsini inatosha kusubiri.

Sasa mjomba Kiingereza hajui, kwa hiyo ikabidi nitafsiri kama wale wa kibanda umiza, nasimamisha, naeleza, naendelea. Na nasema hivi, kama sio kutafsiri nisingegundua kitu ninachotaka kukisema hapa.

Kuna Mwingereza anaitwa Macy, kaja Borneo kufanya kazi kwenye shamba la tumbaku, kapanga kwa mzee mmoja mwenye mke kijana mzuri. Anayecheza ni Laurence Harvey, kazaliwa Lithuania kakulia Johannesburg, uso wake unaonyesha dharau hata akiwa amekaa kimya, na mwaka uliofuata kansa ya tumbo ikamchukua. Macy analalamikia mvua, analalamikia joto, analalamikia chakula, na anamtamani mke wa mwenye nyumba. Mjomba kanyamaza weee halafu akauliza, "Huyu kazi anafanya saa ngapi?" Nikacheka. Akasema huyo ni mzungu wa karanga. Baba yake alikuwa Nachingwea enzi zile za mpango wa karanga, 1947, matrekta yamejaa, Waingereza wakajenga bandari hii ya Mtwara na reli ya kupeleka huko bara, kufika 1951 mpango umekufa karanga zenyewe hakuna na reli nayo baadaye ikang'olewa. Kuanzia hapo Macy hakuitwa tena Macy. "Mzungu wa karanga anasemaje sasa?"

Na kweli nikaanza kuiona kwa jicho hilo. Hadithi ya asili ni ya Oscar Cook, mtu aliyekuwa bwana shauri hukohuko Borneo, na inaonekana: wanaoongea ni Wazungu tu, wenye nchi yao ni kama hawapo, mvua imefanywa adhabu. Nje kwetu mvua hiyohiyo ilikuwa inapiga bati na mjomba anawaza mpunga wake. Yule dada naye kapewa kazi ya kutamaniwa basi. Hayo siyatetei.

Ila sasa. Anatokea jamaa mmoja wa mipango, Robinson, anamwambia Macy kuna mdudu mdogo mwenye koleo mkiani, anapenda sikio la mtu. Ukimuweka karibu na kichwa cha aliyelala anaingia. Akishaingia hajui kugeuka, kwa hiyo anakwenda mbele tu, anakula njia, na kutokea upande wa pili ni bahati ya mtende. Wanaongea tu! Wawili, hakuna damu, hakuna muziki wa kukushtua. Nimetafsiri mstari kwa mstari, na tafsiri yangu mbovu, nilipofika pale pa hajui kugeuka nikaona mjomba mkono umepanda wenyewe umefunika sikio la kushoto.

Hapo ndo ninapotaka bongo muvi wanisikilize. Sisi jini likitokea lazima liwe limepakwa unga, lensi nyeupe machoni, kinanda kinapiga kelele mpaka spika inakoroma, halafu puu, kapotea. Tumeshazoea, watoto wanacheka. Wakati nchi hii bibi alikuwa anakaa kwenye mkeka na koroboi moja anawatisha watoto kumi mpaka hakuna anayethubutu kwenda chooni, na bibi hakuwa na lensi. Ile ilikuwa kazi ya maneno. Mpeni mtu kiti, mpeni kitu cha kusema, yule wa kinanda mpelekeni akanywe chai.

Mimi kinachonimaliza zaidi ni kwamba nakijua kidogo hicho kitu. Tulivyokuwa wadogo Mikindani mende alimwingia mdogo wangu sikioni usiku, akawa anakimbia anagonga ukuta, anasema mtu anakwangua bati ndani ya kichwa. Mama akamlaza ubavu, akapasha mafuta ya nazi kidogo tu yakawa vuguvugu, akamiminia. Mende akatulia, akatoka kama punje ya kunde iliyolowa. Kisayansi mambo ya kula ubongo ni uzushi, mbele kuna ngoma ya sikio na mdudu yule hana shida na kichwa chako. Lakini nenda kamwambie mdogo wangu.

Basi Macy anamlipa Robinson amuwekee mdudu mzee mwenye nyumba. Aliyetumwa anakosea chumba. Asubuhi Macy anagusa sikio lake, damu. Mjomba akagonga paja: "Kazi ya uchawi humtumi mtu!" Kinachofuata ni wiki mbili za kufungwa mikono kitandani asijichane uso, na tena mdudu hawakumuonyesha akitafuna, ni sura ya Harvey tu na jasho na sauti. Halafu anapona. Mdudu katoka upande wa pili, daktari mwenyewe haamini, na hapo ningekuwa mimi mtunzi ningeishia nikajiona nimemaliza.

Daktari anasema mdudu wamemchunguza. Ni jike. Na jike hutaga.

Nilivyotafsiri hilo mjomba hakusema kitu. Sekunde nzima nasikia bati tu. Akauliza limekwisha, nikamwambia limekwisha, akasema haya lala, akageukia ukutani.

Asubuhi nimemkuta kajizungushia shuka kichwani kama kilemba, na vipande vya pamba vya godoro langu vimechomoza masikioni. Nikamuuliza vipi mjomba.

"Baridi," akasema. Mtwara. Januari.