Kurudi si aibu, lakini nani analipia?

Norway kuna kanuni tisa za mlimani, na watoto huzisikia tangu wadogo. Ya nane ndiyo niipendayo: geuka mapema, kurudi si aibu. Zilienezwa kwa nguvu baada ya Pasaka ya mwaka 1967, watu 18 walipofariki milimani katika likizo moja. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, sasa naishi Tromsø, na kila nikiisikia kanuni hii mawazo yangu huenda kwenye mkondo wa Nungwi, baina ya Unguja na Pemba.

Wacha nieleze kwanza inavyofanya kazi. Wenzangu wa kazini hupenda kupanda milima kwa skii, mbali na viwanja vya watalii, pasipo mashine ya kukuvuta. Chini ya skii unabandika ukanda wenye manyoya yaliyolala upande mmoja: ukienda mbele yanateleza, ukitaka kurudi nyuma yanashika. Unapanda hivyo saa kadhaa, kisha unabandua unateremka. Kila mtu amefunga kifuani kifaa cha redio, na mkobani ana beleshi na fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji. Vyote ni vya kumtafuta mwenzako akifukiwa, maana aliyefukiwa ana dakika chache mno, na msaada kutoka mjini aghalabu humkuta maiti. Kabla ya kuanza, mmoja husimama mbele na wengine hupita kwake mmoja mmoja mpaka kifaa cha kila mtu kisikike kinalia. Hata mzoefu wa miaka hapiti bila kukaguliwa.

Safari ya juzi mvua ilikuwa imenyesha juu ya theluji, usiku baridi ikarudi, na mlima mzima ukafunikwa na ganda la barafu gumu kama sakafu ya saruji. Manyoya hayakushika. Tukafunga meno ya chuma chini ya skii. Yanakwaruza kwa sauti inayoingia mpaka kwenye magego, na kila hatua unakanyaga kwa nguvu kwanza, unasikiliza, ndipo unahamishia uzito wako. Theluji iliyoganda hivyo mara nyingi haiporomoki kirahisi. Hatari yake ni kuteleza: ukianguka kwenye mteremko wa barafu husimami njiani, na chini yetu kulikuwa na mawe.

Kilele tulikuwa tunakiona. Mdogo wetu kuliko wote, mwanafunzi ambaye ndiyo kwanza anajifunza, akasema hauamini mteremko ule. Kiongozi wetu, mtu mzima aliyezaliwa chini ya milima hiyo, akauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema, kisha akageuza skii zake. Tukashuka polepole, ubavu ubavu. Hakuna aliyemcheka yule kijana, na garini hakuna aliyelirudia jambo lile.

Nilimpigia simu ami yangu nikamhadithia. Ami ni nahodha, bahari anaijua vizuri. Nikamwambia, hiki ndicho kinachotupungukia nyumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa mwanangu, mliporudi, mlilala na njaa?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kwa sababu elimu tunayo. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wanaokwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi mbali na kwao, wanaujua upepo wa kusi unapochafuka, na hawahitaji mtu wa Tromsø kuwafundisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutangaza: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, Unguja na Pemba zikitajwa kwa jina. Pwani habari inafika. Kinachomtoa mtu ni mafuta yaliyonunuliwa kwa deni, tajiri wa chombo anayengoja fungu lake, na watoto wanaotaka kula.

Abiria ni hivyo hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipoondoka Unguja kuja Pemba, wapo walioiona imejaa kupita kiasi wakakataa kupanda. Hilo lilisemwa na walionusurika. Lakini mtu anayewahi maziko Chake Chake, au aliyetia mtaji wake wote kwenye mzigo uliokwisha pakiwa, atakataaje? Meli ikazama kwenye mkondo wa Nungwi, na Pemba nzima ilifiwa. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe kwenye upepo mkali, tukakaa tena matanga.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa huku wanaosema watu wetu ni wabishi tu. Wala siridhiki na wanaofunga mazungumzo kwa kusema ni kadari. Kadari naiamini, na kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa pia kumfunga ngamia kwanza, ndipo utawakali. Yule mwanafunzi alisema neno lake bila kumkosesha mtu riziki. Jumatatu sote tuliingia kazini, mshahara uko pale pale. Ujasiri wake nauheshimu. Ila baharia mdogo wa Mkoani anayemwambia nahodha "leo tusitoke" anahitaji ujasiri mara kumi ya ule, kwa kuwa kesho huenda hana kazi.

Basi tumpunguzie gharama. Ikitolewa tahadhari ya upepo, tiketi ya abiria isogezwe siku nyingine bila kukatwa hata shilingi, na haki hiyo iandikwe kwenye tiketi yenyewe. Wavuvi wawe na mfuko, serikali ichangie na wenye vyombo wachangie, wa kuwafidia siku za mawimbi makubwa. Uchumi wa buluu tunausikia kila siku. Wajumbe wa Baraza letu la Wawakilishi wakikaa Chukwani kujadili bajeti yake, nataka mmoja asimame aulize: mvuvi wa Kojani aliyetii tahadhari akabaki pwani, jioni atawapa nini wanawe?